Mafundo ya Mpira Kisimani

Juu ya ardhi Awadhi hakuwa na maneno. Akisalimiwa sokoni alijibu huku akitazama vidole vyake vya miguu, na msibani alikaa karibu na mlango ili asiulizwe kitu. Lakini ukimshusha futi ishirini ndani ya kisima, kamba kiunoni na koleo mkononi, aliongea peke yake kama redio. Aliusema udongo, aliusifu mchanga, aliyatukana mawe. Waliomshikia kamba walicheka huko juu mpaka machozi, naye hakujua kwamba sauti ya kisimani hupanda yote.

Alikuwa na miaka hamsini na mitatu. Alipomaliza darasa la saba, baba yake alimkabidhi koleo la mpini mfupi, maana ndani ya kisima mpini mrefu haugeuki. Tangu siku hiyo alichimba visima Itetemia na Ntalikwa, akafika mpaka Tura, kule stesheni, ambako maji yako mbali na mwamba una roho mbaya. Mabomba yalipoingia kazi ikapungua, akawa anaziba pancha za baiskeli barazani kwake. Mipira ya ndani iliyokwisha hakuitupa. Aliikata vipande virefu vyembamba, akavitumia kufungia kila kitu: mlango wa banda la kuku, mguu wa kiti, midomo ya viroba vya taka. Alifunga fundo la wachimba visima, mizunguko miwili na kitanzi pembeni cha kuingiza ndoano. Itetemia nzima hakuna mwingine aliyefunga hivyo.

Kisima kimoja tu ndicho ambacho hakuwahi kudai ujira wake. Kiliitwa Kisima cha Wapagazi, kando ya njia ya zamani itokayo Tura kuja mjini. Wapagazi wa misafara walitua mizigo hapo, wakanawa miguu kabla ya kuingia Tabora wakiwa wanaonekana watu. Babu yake Awadhi ndiye aliyekijengea ukuta wa mawe kwa ndani. Kila mwisho wa kiangazi, kabla ya mvua, mtaa ulikutana kukisafisha, na fundi alikuwa na kazi moja ya mwisho. Akifika kwenye mchanga mweupe, aliteka maji kwa viganja akanywa mara tatu, watu wakichungulia kutoka juu. Ndipo ndoo ya kwanza ilipopanda. Fundi asipokunywa, hanywi mtu. Akishakunywa huchonga alama ndogo kwenye jiwe moja pana lililoko usawa wa kifua. Babu alikuwa na alama zake, baba zake, na Awadhi alikuwa na kumi na saba. Ukoo wao haukuwa na maandishi mengine yoyote.

Alama ya kumi na saba ilikuwa na miaka kumi na moja. Baada ya hapo watu walipata bomba, na kisima kikasahaulika.

Mwaka huu mbuzi wa mtu alitumbukia humo akafa. Mtendaji wa kata, Bwana Amon, akasema imetosha, Jumatatu lori la kifusi litakuja kukifukia kabla hajatumbukia mtoto. Kikundi cha kujitolea cha Tutunze Chemchemi kikamwomba Jumamosi moja tu ya kukisafisha. Mtendaji alikuwa mzaliwa wa hapohapo Itetemia, na ripoti za vikundi alikwisha kuzichoka.

"Karatasi sitaki," alisema. "Mimi nimekua nikimwona mzee wake Awadhi akinywa mle. Jumamosi nitakuja saa tisa. Fundi akinywa, kisima kinabaki. Asipokunywa, Jumatatu kifusi."

Siku nne kabla ya hiyo Jumamosi Awadhi hakulala vizuri. Alikuwa analinoa koleo lililokwisha kunoleka.

"Utalimaliza hilo," mkewe Maua alimwambia. "Unakwenda kuchimba au kuchinja?"

"Kuna jiwe langu mle," Awadhi alisema, akaendelea kunoa.

*

Asubuhi ya Jumamosi walikusanyika watu kama thelathini, fulana za kijani mpya bado zina mikunjo ya dukani. Mwenyekiti wao alikuwa Mama Recheli, mkunga mstaafu, Mmoravian wa kwaya ya asubuhi, mwenye sauti ambayo haikuhitaji kipaza sauti lakini alikuwa nacho.

"Mwangaluka!" alisalimia kwa kelele, kwa Kinyamwezi.

"Mwangaluka!" wakaitikia.

"Leo tunarudisha heshima ya maji! Picha kwanza, kazi baadaye. Fundi Awadhi, njoo katikati. Mbona unajificha nyuma ya toroli kama mwizi wa kuku?"

Watu wakacheka. Toroli lilikuwa la Kasimiri, kijana wa makamo kutoka Ntalikwa, mnene wa mabega, mcheshi, katibu wa kikundi. Kila Alhamisi alipita nyumba hadi nyumba akichukua viroba vya taka, kila nyumba ikimpa chake, akavipeleka dampo. Itetemia ilisifiwa kwa usafi kwa sababu yake, na kwenye ukuta wa ofisi ya kata kulikuwa na picha yake akiwa na toroli.

"Baba Najiat, shikamoo," Kasimiri alisema, akimfunga Awadhi kamba kiunoni. Najiat alikuwa binti wa Awadhi, wa pekee.

"Marahaba."

"Kweli utashuka? Mbuzi ameshaoza mle. Mambo yenyewe haya bora wafukie tu, tupande maua juu."

Awadhi aliwasha kibatari akakishusha kwa kamba kupima hewa. Kikawaka vizuri mpaka nusu, kikafifia, kikazimika. Akaagiza matawi, wakayachovya na kuyapandisha na kuyashusha kisimani karibu nusu saa kuchota hewa mbaya. Kibatari cha pili kiliwaka mpaka chini. Akasema bismillahi, akashuka.

Uvundo ulimkuta njiani. Haukuwa harufu tu, ulikuwa na uzito, ulimkaa ulimini kama kipande cha sabuni. Alijifunga kanga ya Maua puani, harufu ikapita kwenye kanga. Akapumua kwa mdomo, na hapo ikawa anaila. Miguu yake ilitua juu ya kitu laini kikapasuka, kikatoa maji ya kijani na funza. Ndiye mbuzi.

Huko juu walisubiri aanze kuongea kama kawaida yake. Hakuongea.

Mbuzi alipanda vipandevipande ndani ya ndoo. Baadaye wakafuata kuku waliokufa kwa kideri, wengi, wenye shingo zilizolegea. Likafuata godoro lililonyonya maji likawa zito kama mzoga wa ng'ombe, watu sita wakalivuta. Zikaja chupa, vichwa vya dagaa, nywele za bandia zilizojisokota kama nyoka, pampasi zilizovimba kila moja kama mkate. Kila ndoo iliyopanda ilimwagia majimaji yake kichwani, yakamshuka shingoni mpaka ndani ya shati. Mara mbili alitapika. Mara ya tatu hakuwa na cha kutapika.

"Fundi, uko hai?" Mama Recheli aliuliza.

"Niko."

"Umenyamaza sana! Tunakosa burudani!"

Na wakati huohuo, kutoka huko juu penye fulana za kijani, chupa tupu ya maji ya kunywa ilidondoka ikampiga begani. Kuna mtu alikunywa akaitupa nyuma yake bila hata kugeuka. Awadhi aliitazama ikielea kwenye ule uchafu, safi, ina kifuniko chake. Akaitia kwenye ndoo. Alihisi mate yake yamekuwa machungu, na uchungu ule haukutoka kwa mbuzi.

Chini ya godoro ndipo vilipoanza viroba.

Vilikuwa vimepangwa, vimekandamizana, kama magunia ghalani. Havikutupwa na mpita njia. Mtu alikuwa ameleta vingi kwa pamoja, mara nyingi. Awadhi aliingiza mkono kwenye tope atafute mdomo wa kiroba cha kwanza ili atie ndoano, na vidole vyake vikakuta kitanzi. Ndoano ikaingia sawasawa, kama ilivyotarajiwa iingie. Alikuwa amekwisha kupiga kelele "Vuta!" kabla kichwa hakijaelewa kile ambacho vidole vilielewa.

"Ngoja! Shusha!"

Kiroba kikarudi. Akakisogeza kwenye mwanga. Mpira wa baiskeli, mizunguko miwili, kitanzi pembeni.

Akafungua. Kulikuwa na kopo la gundi ya pancha na vipande vya msasa alivyotumia mwenyewe, na pampasi ndogo sana, za mtoto mchanga. Mwaka juzi Najiat alikuja kujifungua kwao, akakaa arobaini yake nyumbani. Kwa Awadhi zile zilikuwa siku tamu kuliko zote za uzeeni kwake. Mjukuu alilala kifuani pake, na kila Jumatano jioni yeye mwenyewe alifunga kiroba vizuri ili harufu isitoke, akakiweka nje kwa ajili ya Alhamisi. Siku zile arobaini zilikuwa hapa. Zilikuwa zimeoza juu ya mchanga ambao maji yake aliyanywa mara kumi na saba.

Akapapasa zaidi. Vingine vilifungwa kwa kamba ya katani, vingine kwa kitambaa, vingine kwa waya. Lakini kitanzi kile alikikuta tena, na tena, na tena. Akaacha kuvihesabu.

Akavipandisha vyote. Alikuwa anatia ndoano na kusema "vuta" kwa sauti ndogo, wala hakuna aliyecheka.

*

Saa saba wakamtoa apumzike. Akina mama walipika wali na maharage chini ya kivuli cha turubai. Awadhi alipewa sahani, akaitazama. Kila punje ilionekana kama funza. Akaiweka chini, akaenda kukaa peke yake nyuma ya lile rundo la viroba, mkono umefumba kipande cha mpira.

Kasimiri akamfuata. Hakuwa anacheka tena.

"Umeviona," Kasimiri alisema.

Awadhi akatazama miguu yake.

"Dampo ni mbali, Baba Najiat. Saa nzima kwenda, saa nzima kurudi, na mlima ule wa mchanga. Mvua za mwaka juzi gurudumu lilivunjika pale njiani, usiku unaingia. Nikasema leo tu. Kisima chenyewe hakitumiki. Leo tu." Alifuta jasho kwa fulana yake ya kijani. "Halafu Alhamisi nyingine ikaja."

"Babu yangu," Awadhi alianza kusema.

"Najua. Ndiyo maana nilitaka wafukie. Ingekwisha." Kasimiri akachuchumaa karibu naye. "Sikiliza. Mtendaji anakuja saa tisa. Kunywa kidogo tu, fumba macho. Au weka mdomoni uteme, nani ataona huko chini? Kisima kinabaki, wewe unapata jiwe lako, mimi sitatia tena hata ganda la ndizi. Wallahi, mimi Mkristo nakuapia kwa Kiislamu."

"Na watu wanywe?"

"Wana bomba! Nani atakunywa?"

"Bomba linakatika kila wiki. Watakunywa."

Uso wa Kasimiri ukabadilika, ukawa mkali. "Haya, niseme mimi peke yangu ndiye mbaya? Nijibu, fundi. Alhamisi nikichukua taka kwako, toroli langu lilikuwa linarudi tupu baada ya muda gani?"

Awadhi aliukunja ule mpira kiganjani.

"Unaziba pancha barazani. Unaniona nikienda, unaniona nikirudi. Muda gani?"

Awadhi aliona: Maua anamimina chai, Kasimiri anapita na toroli lililojaa, anapunga mkono. Kasimiri anapita na toroli tupu, anapunga mkono tena. Chai bado ya moto.

"Robo saa," alisema.

"Na dampo ni saa nzima. Mtaa mzima una macho. Hakuna aliyeniuliza hata siku moja, 'Kasimiri, mbona mapema?' Mlinipiga picha mkaniweka ukutani."

Akainuka akaenda kula. Na kichefuchefu kilichompata Awadhi pale, juu ya ardhi, kwenye hewa safi, kilikuwa kibaya kuliko kile cha kisimani. Kule chini alichefukwa na vitu. Hapa alijichefua mwenyewe, na hakukuwa na kanga ya kujiziba.

*

Alirudi kisimani saa nane. Alichota tope jeusi ndoo baada ya ndoo, likawa la kijivu, likawa la kahawia, na mwishowe koleo likatoa ile sauti ya kukwaruza aliyoijua tangu utoto. Mchanga mweupe. Maji yakaanza kuchomoza taratibu kwenye pembe ileile ya siku zote, kama jasho. Alilifuta jiwe pana kwa kiganja. Alama za babu, za baba, zake. Zote zilikuwepo.

Juu kulikuwa na kelele. Mtendaji amefika.

"Haya fundi!" Sauti ya Mama Recheli ilishuka na kipaza sauti chake. "Mtendaji yuko hapa, simu ziko tayari! Tunahesabu pamoja. Moja!"

Vichwa vilizunguka mdomo wa kisima, na mbingu ikawa ndogo. Awadhi akainama, akateka kwa viganja. Maji yalionekana maangavu. Kwa macho hayakuwa na kosa lolote. Akayasogeza mdomoni, na chini ya ule uangavu akaisikia harufu, nyembamba kama uzi, ya pampasi na kuku wa kideri. Lilikuwa jambo la sekunde tatu tu. Angekunywa, angechonga alama ya kumi na nane, angepanda akapigiwa makofi, na Alhamisi toroli lingepita.

Akafungua viganja. Maji yakaanguka.

"Hajanywa," mtu alisema juu.

"Nitoeni," alisema Awadhi.

Wakamvuta. Alisimama katikati yao akichuruzika, na waliokuwa karibu wakarudi hatua mbili, wengine wakaziba pua. Mtendaji Amon alikuwa na leso mdomoni.

"Vipi, fundi?"

Awadhi alitazama vidole vya miguu yake. Havikuonekana, vilifunikwa na tope. Basi hakuwa na pa kutazama, akatazama watu.

"Sinywi," alisema. Sauti ilikuwa ileile ya kisimani, yenyewe haikujua kwamba sasa iko juu. "Maji yananuka. Yananuka taka zangu." Akaenda kwenye rundo, akavuta kiroba, akakifungua mdomo na kukimimina chini mbele ya fulana za kijani. "Fundo hili langu. Hizi pampasi za mjukuu wangu. Hili kopo langu. Na hiki changu. Na hiki. Nilimpa Kasimiri apeleke dampo saa nzima, akarudi robo saa, nikanywa chai yangu nikanyamaza. Nilijua. Sikutaka kujua lakini nilijua."

Kasimiri alisimama kando ya kamba, macho chini, kana kwamba yeye na Awadhi wamebadilishana shingo.

Mama Recheli alishusha kipaza sauti. "Fundi, haya tungeyazungumza ndani ya kikundi..."

"Kile kilichofungwa kwa kitenge cha kwaya ni cha kwako, Mama Recheli," Awadhi alisema, bila ukali, kama mtu anayemwonyesha mwenzake mzigo wake stesheni.

Mama Recheli alikitazama. Ilikuwa sare ya Pasaka ya mwaka jana, hapana shaka. Mkunga yule aliyepokea watoto nusu ya Itetemia bila kukunja uso alizunguka nyuma ya turubai, na wakamsikia akitapika. Aliporudi alivua glovu, akakibeba kiroba chake kwa mikono mitupu, akakiweka mbali na vingine. Mmoja mmoja, wengine nao wakaanza kusogea kwenye rundo, wakipindua kwa ncha za viatu, wakitafuta vya kwao. Wengine walikuta, wakajifanya hawajakuta.

"Sasa nifanyeje?" Mtendaji aliuliza. "Nilisema. Fundi asipokunywa, kifusi."

"Usifukie," Awadhi alisema. "Ukifukia, umetufichia. Nipe Jumamosi. Nitashuka kila Jumamosi, nikamue maji yote mpaka harufu iishe. Siku yakiwa maji, nitakunywa."

"Jumamosi ngapi?"

"Sijui."

Mtendaji alitoa leso mdomoni, akavuta hewa, uso ukamkunjamana. Akairudisha.

"Kila Jumamosi," alisema. "Ukiruka moja tu, Jumatatu yake naleta lori. Na hivi viroba vyote viende dampo leo. Bila toroli."

Awadhi alikwenda nyumbani akachukua mzega wa baba yake, ule mti mrefu wa begani, akaning'iniza viroba viwili mbele na viwili nyuma kwa vitanzi vyake mwenyewe. Watu wakakata miti wakafanya vivyo hivyo. Walishika njia ya zamani kwa mstari, majimaji yakiwachuruzikia mgongoni. Nusu ya fulana za kijani zilikuwa zimeshapotea kabla mstari haujaanza. Kasimiri alikuwa wa mwisho, viroba vitatu kila upande, na hakuna aliyetaka kutembea karibu naye, ingawa wote walinuka sawa.

Usiku ule Maua alimmwagia ndoo nne za maji na sabuni ya unga.

"Bado unanuka," alisema.

"Najua."

"Na kiroba cha wiki hii je? Alhamisi anapita nani?"

"Mimi," alisema Awadhi.

Jumamosi iliyofuata walikuja watu kumi na wawili. Ya tatu, saba. Ya nne alikuja Mama Recheli bila kipaza sauti, akiwa na Kasimiri, na hao wawili ndio walioshika kamba. Awadhi alishuka, akakamua maji ndoo arobaini, hamsini, akasubiri yajae upya, akateka kwa viganja. Safari hii aliyatia mdomoni. Aliyazungusha, akayaweka juu ya ulimi kwa muda, na nyuma kabisa, karibu na koo, ule uzi ulikuwepo.

Akatema.

"Vipi?" Kasimiri aliuliza kutoka juu.

"Bado," Awadhi alisema, akaigonga ndoo kwa koleo. "Vuta."